Picha Nyingi, Elimu Haba: Kamera na Ndege wa Misitu ya Tropiki

Ndege akishapigwa picha mara elfu, watu huanza kuamini kwamba anafahamika. Imani hiyo imeenea tangu kamera za kidijiti na lenzi ndefu zilipowafikia watu wasio wataalamu, na kwa ndege wa misitu ya tropiki, ambao rangi zao huwavuta wapiga picha kutoka pande zote za dunia, imekuwa kama jambo lisilohitaji kuhojiwa. Mimi naona linahitaji. Sehemu kubwa ya picha zinazosifiwa hazituelezi karibu chochote kuhusu maisha ya ndege mwenyewe, ilhali baadhi ya picha zilizotuongezea elimu ni mbovu kiasi kwamba hakuna shindano ambalo lingezipokea. Tofauti kati yake haitokani na ubora wa kamera, bali na swali alilokuwa nalo mpiga picha alipokuwa akisubiri, na habari alizoziandika baada ya kubonyeza kitufe.

Kazi ya Tim Laman na Edwin Scholes katika kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani ni mahali pazuri pa kuanzia. Kati ya mwaka 2004 na 2011 wawili hao, mmoja mpiga picha aliyesomea biolojia na mwenzake mtaalamu wa tabia za ndege, walifanya safari 18 na kupiga picha zaidi ya 39,000, mpaka wakazipata spishi zote 39 za ndege wa paradiso zilizokuwa zikitambuliwa wakati huo. Idadi hizo ndizo zinazotajwa mara kwa mara, lakini uamuzi wao kuhusu mahali pa kuweka kamera ulikuwa na uzito zaidi. Dume wa kundi la parotia husafisha kiwanja chake chini ya miti, kisha hucheza akiwa ametandaza manyoya ya ubavuni kama sketi, na mtu aliyekaa usawa wa ardhi huona mchezo wa kuchekesha na kupendeza. Majike hawatazami kutoka hapo. Wao hukaa kwenye kijiti kilicho juu ya kiwanja, na kamera ilipowekwa huko juu ikaelekezwa chini, ile sketi iligeuka kuwa umbo jeusi la mviringo, na katikati yake mng'ao wa manyoya ya kichwani na kifuani ukawa unawaka na kuzimika kwa mpangilio. Mchezo ulipata maana nyingine kabisa kwa sababu ulikuwa sasa unaonekana kwa macho ya yule unaomlenga.

Njia hiyo ilizaa matunda tena mwaka 2018. Katika rasi ya Vogelkop, magharibi mwa kisiwa hicho, kuna ndege mweusi mwenye kifua cha buluu ambaye kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa sehemu ya spishi moja iliyoenea katika milima yote ya New Guinea. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulikuwa umependekeza kwamba spishi hiyo igawanywe. Scholes na Laman wakaleta ushahidi wa aina nyingine: video za dume wa Vogelkop akicheza, zikionyesha kwamba umbo analojitengenezea mbele ya jike ni la mwezi mchanga na si la duaradufu kama la mwenzake wa milima mingine ya kisiwa, na kwamba yeye huteleza kwenda upande mmoja na mwingine pale ambapo mwenzake hurukaruka. Ngozi za ndege hao zilikuwa zimelala katika kabati za makumbusho kwa miongo mingi. Hata mtafiti mwenye macho makali asingeweza kuiona tofauti hiyo katika ngozi iliyokaushwa, kwa sababu haimo katika ngozi; imo katika mwendo.

Ndege hawa wa paradiso wanatukumbusha pia jinsi ushahidi halisi unavyoweza kupotosha ukikatwa kutoka mahali pake. Ngozi za kwanza zilizofika Ulaya zilikuwa zimetayarishwa na watu wa New Guinea na visiwa vya karibu, ambao waliondoa miguu ili manyoya ya mapambo yabaki peke yake. Wazungu waliozipokea wakahitimisha kwamba ndege hao hawana miguu kabisa, kwamba hawatui kamwe na huelea angani mpaka wafe, na mwaka 1758 Carl Linnaeus akamwingiza mmoja wao katika orodha yake ya viumbe kwa jina la Paradisaea apoda, yaani asiye na miguu. Ngozi ilikuwa ya kweli na manyoya yalikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni habari za mahali ilipotoka na za mikono iliyoitayarisha, na pengo hilo likajazwa na hadithi. Alfred Russel Wallace, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alipofika visiwa vya Aru, karibu na New Guinea, mwaka 1857, aliweza kueleza jinsi madume wanavyokusanyika juu ya miti maalumu kucheza, lakini hata yeye alitegemea sana wawindaji wa huko, ambao walizijua desturi za ndege hao kabla jina la Linnaeus halijasikika mahali hapo.

Sioni tofauti kubwa kati ya ngozi ile iliyokatwa miguu na picha nyingi za leo. Picha husambazwa ikiwa imepunguzwa pembeni mpaka ndege abaki peke yake mbele ya kijani kisicho na umbo, bila tarehe, bila mahali, bila neno lolote kuhusu alichokuwa akifanya au mti aliokuwa juu yake. Mtazamaji huvutiwa, naye hana la kujifunza zaidi ya rangi.

Lazima nikiri kwamba msitu wenyewe una sehemu yake ya lawama. Katika msitu mnene wa tropiki, mwanga unaofika ardhini ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya ule unaopiga vilele vya miti, na ndege hawana desturi ya kutulia. Zaidi ya hapo kuna manyoya ambayo maumbile yake yanaishinda kamera. Watafiti wakiongozwa na Dakota McCoy walionyesha mwaka 2018 kwamba manyoya meusi ya baadhi ya ndege wa paradiso humeza hadi asilimia 99.95 ya mwanga unaoyaangukia moja kwa moja, kwa sababu vijinyoya vyake vidogo vimesimama kwa namna ya kuunasa mwanga na kuurudisha ndani tena na tena. Walipoufunika unyoya huo kwa tabaka jembamba la dhahabu ili kuutazama kwa hadubini, uliendelea kuonekana mweusi. Mpiga picha aliye na ndege wa aina hiyo mbele yake huona shimo lisilo na umbo pale penye mwili, na rangi ya buluu au kijani iliyo jirani nalo ikiwaka kupita kiasi. Kwa jike, inaelekea hilo ndilo kusudi: weusi huifanya rangi iliyo kando yake ionekane kali zaidi. Kwa hiyo picha iliyorekebishwa kwenye kompyuta mpaka weusi huo ukafichua kila unyoya, jambo ambalo majaji wengi hulipenda, imeondoa kitu ambacho ndege amekijenga kwa vizazi visivyohesabika.

Kwa sababu ya ugumu huo, wapiga picha wameelekea mahali ambapo ndege anakuja mwenyewe: kwenye vibanda vya kujifichia vilivyojengwa mbele ya matunda yaliyotundikwa, vijiti vilivyochaguliwa kwa uzuri wa kuvu na majani yake, na taa zilizofungwa tayari. Sina ugomvi na vibanda kwa jumla. Katika milima ya magharibi mwa Ekuado, mkulima Ángel Paz alijulikana duniani baada ya kumzoesha antpita mkubwa, ndege mwenye haya anayeishi chini ya vichaka, atoke na kula nyungunyungu mbele ya wageni. Alimpa jina la María, na msitu ambao ungeweza kukatwa ukawa chanzo cha riziki kwa familia yake. Huko ni kuhifadhi kwa vitendo. Hata hivyo, picha 10,000 za ndege yule yule akila nyungunyungu zile zile juu ya gogo lile lile hazituambii antpita hula nini asipolishwa, anaatamia kwa siku ngapi, wala jike anatofautiana vipi na dume katika kulea vifaranga.

Ufinyu wa aina hii haukuletwa na kamera. Uchunguzi wa mikusanyo ya makumbusho makubwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba katika sampuli za ndege ambazo jinsi yake ilikuwa imeandikwa, majike walikuwa asilimia 40 tu. Wakusanyaji wa zamani walipenda madume wenye rangi, na wapiga picha wa leo wamerithi upendeleo huo bila kujiuliza. Madhara yake yameonekana wazi zaidi katika elimu ya sauti. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kuimba ni kazi ya dume, na kwamba jike aimbaye ni kioja; imani hiyo ilijengwa juu ya ndege wa nchi za baridi, waliokuwa karibu na vyuo vikuu. Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Karan Odom ilipopitia kumbukumbu za ndege waimbaji kutoka sehemu nyingi za dunia, ilikuta majike wanaimba katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa, na kwamba inaelekea majike wa mababu wa ndege hao wote waliimba. Katika tropiki, ambako jike na dume wa spishi nyingi hulinda eneo lao pamoja mwaka mzima, kuimba kwa jike si ajabu hata kidogo. Ushahidi ulikuwepo vichakani muda wote.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba hadhira inataka rangi na wapiga picha wanaitii, lakini hata hilo lina shaka. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Ujerumani walichambua zaidi ya picha 27,000 za ndege zilizowekwa Instagram, wakapima jinsi zilivyopendwa kwa kulinganisha na idadi ya watu waliozifikia. Waliotia fora ni ndege wa jamii ya Podargidae, wa Asia na Australia, ambao huwinda usiku, wana midomo mipana kupindukia, na rangi yao ni ya gome kavu la mti. Watu huvutwa na uso wa ajabu, labda zaidi ya wapiga picha wanavyodhani. Ndege wa kahawia hana budi kupewa nafasi.

Na ndege wa kahawia ndiye aliyetoa moja ya picha zenye thamani kubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Mwezi Oktoba 2020, wakazi wawili wa Kalimantan Kusini, katika sehemu ya Borneo iliyo chini ya Indonesia, walimkamata ndege mdogo wasiyemtambua, wakampiga picha kwa simu, wakamwachilia, kisha wakaziuliza jumuiya za watazamaji ndege ni nani huyo. Alikuwa Malacocincla perspicillata, ndege mwenye mstari mweusi juu ya jicho, ambaye sayansi ilikuwa na sampuli yake moja tu iliyokusanywa katika miaka ya 1840. Picha zile zinaonyesha ndege akiwa ameshikwa mkononi, na hakuna mtu angezitundika ukutani. Lakini zilionyesha kwamba jicho lake ni jekundu lililokolea na miguu yake ni ya kijivu, mambo ambayo ile sampuli isingeweza kuyahifadhi, kwa kuwa ilikuwa imewekewa jicho bandia la njano.

Miaka miwili baadaye, katika kisiwa cha Fergusson huko Papua New Guinea, kamera ya kutegwa ilimnasa njiwa mkubwa wa ardhini, Otidiphaps insularis, ambaye hakuwa amethibitishwa na wanasayansi tangu mwaka 1882. Kamera ya namna hiyo haina mpiga picha. Hufungwa kwenye shina la mti na kujiwasha yenyewe kitu chenye joto kinapopita. Kilichohitajika ni kujua shina gani, na jibu lilitoka kwa wawindaji wa kisiwa hicho, waliowaelekeza watafiti kwenye mabonde ambako walikuwa wamemsikia na kumwona ndege huyo. Doka Nason, mwana wa Papua New Guinea, ndiye aliyeitega kamera iliyofanikiwa. Nikilinganisha tukio hili na safari za gharama kubwa zinazofuata ndege waliokwisha kupigwa picha kutoka kila upande, sina shaka ni wapi saa za subira zilitumika vizuri zaidi.

Kuna kazi ambazo kamera pekee ndiyo inayoweza kuzifanya, nazo mara nyingi haziishii kwenye picha za kupendeza. Katika misitu ya Kolombia na Ekuado yumo manakini, ndege mdogo wa msituni, aitwaye Machaeropterus deliciosus, ambaye dume wake hutoa mlio unaofanana na wa fidla bila kufungua mdomo. Kimberly Bostwick na Richard Prum walieleza mwaka 2005, kwa msaada wa video za mwendo wa kasi, kwamba ndege huyo hugonganisha mabawa juu ya mgongo takriban mara 107 kwa sekunde, na kila mgongano huukwaruza unyoya mmoja wenye matuta kwa ncha ya unyoya wa jirani, mpaka sauti inayotoka inafikia mitetemo karibu 1,500 kwa sekunde. Jicho la mtu haliwezi kuona hayo hata likikaa msituni maisha yote.

Baada ya kuisifu kamera kiasi hicho, ni haki kueleza pia inapoishia. Mwaka 1988 ndege wa jenasi ya Laniarius asiyefanana na mwingine yeyote aliyejulikana alionekana Bulo Burti, katikati ya Somalia. Alikamatwa, akatunzwa, akapigwa picha, akachukuliwa damu na manyoya, na hatimaye akaachiliwa akiwa hai, na mwaka 1991 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa jina la Laniarius liberatus bila kuwapo mzoga wake katika makumbusho. Wengi walilisifu tendo hilo, na mimi bado naliona la heshima. Mwaka 2008, hata hivyo, uchunguzi zaidi wa vinasaba ulionyesha kwamba alikuwa tu ndege mwenye rangi isiyo ya kawaida wa spishi iliyokwisha kujulikana. Watetezi wa ukusanyaji wa sampuli huitaja kesi hiyo kwa furaha kidogo kupita kiasi, na husahau kwamba kosa liligunduliwa kwa sababu damu na manyoya yalikuwa yamehifadhiwa, na kwamba ndege mmoja, akiwa hai au mfu, ni msingi mwembamba wa kutangazia spishi.

Upande wa pili wa mvutano huo ulionekana mwaka 2015 huko Guadalcanal, Visiwa vya Solomon, pale watafiti walipompiga picha kwa mara ya kwanza dume wa mdiria mwenye masharubu, kisha wakamuua awe sampuli. Hasira iliyofuata ilienea duniani kote. Chris Filardi, aliyeiongoza kazi hiyo, alijibu kwamba makisio yao yalionyesha kuwepo kwa ndege zaidi ya 4,000 kisiwani, na kwamba sayansi ilikuwa na sampuli tatu tu, zote za majike. Kwa hesabu tupu, hoja yake ina nguvu. Msitu unaokatwa huua ndege wengi zaidi kuliko makumbusho yote. Ninachoshindwa kukikubali ni mpangilio wa matukio. Picha ilitolewa kwanza, umma ukampenda ndege yule mmoja kwa uso wake, na ndipo ukaambiwa kwamba ameuawa. Mtafiti anayetumia picha kuomba mapenzi ya watu hawezi kuwalaumu wakipenda kweli.

Lipo pia suala la kuwachezea ndege rekodi za sauti ili wajitokeze, desturi iliyozoeleka sana katika tropiki kwa sababu bila hiyo ndege wengi wa vichakani hawaonekani. Berton Harris na David Haskell walilipima jambo hili huko Ekuado, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Rekodi ya dakika tano iliwafanya ndege wa spishi mbili walizozichunguza watoe sauti zaidi kuliko kawaida. Lakini ilipochezwa kila siku, ndege wa mojawapo ya spishi hizo walianza kuipuuza, na kufikia siku ya 12 mwitikio wao ulikuwa karibu haupo. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama ruhusa. Mimi nayasoma kwa namna nyingine: mahali panapotembelewa kila siku, mtafiti wa sauti hawezi tena kujua kama ukimya wa ndege ni tabia yake au ni uchovu wa kudanganywa. Hata kama ndege hakuumia, elimu imeharibika.

Mwisho ni suala la mahali, ambalo nimelisisitiza tangu mwanzo na ambalo lina hatari yake. Simu huandika ndani ya faili ya picha sehemu hasa ilipopigwa, na mtego wa mfanyabiashara wa ndege unaweza kufuata alama hiyo bila shida. Ndiyo maana eBird, mfumo wa mtandaoni ambamo watazamaji huandika ndege waliowaona, ulioanzishwa mwaka 2002 na ambao sasa una kumbukumbu zaidi ya bilioni moja, huficha mahali kamili pa spishi zinazoandamwa na wawindaji au wakamataji, huku ukizihifadhi habari hizo ndani kwa ajili ya utafiti. Rafael Bessa aliposikia mwaka 2015 katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, sauti asiyoitambua, akairekodi na kumpiga picha mwenye nayo, alikuwa mbele ya njiwa mdogo mwenye macho ya buluu, Columbina cyanopis, ambaye hakuwa amethibitishwa tangu mwaka 1941. Ugunduzi ulitangazwa mwaka 2016, ukiwahusu ndege 12 tu, na mahali pao pakaendelea kufichwa hadi mipango ya kuilinda ardhi ilipokuwa imeshika. Mwaka 2018 pakawa na hifadhi. Wapo waliolalamika kwamba siri hiyo iliwanyima wengine nafasi ya kumwona. Lakini tarehe, sauti, mimea na mahali vilikuwa vimeandikwa tangu siku ya kwanza, na waliohitaji kuvifanyia kazi walikuwa navyo.